Tumpeleke, au Tumwulize?

Maneno haya yalisemwa mbele ya familia zenye ndugu waliozidiwa na pombe, katika ukumbi wa usharika mmoja, Moshi Vijijini. Msemaji ni muuguzi mstaafu. Salamu za mwanzo zimefupishwa.

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, kaka zangu, wadogo zangu, habari za asubuhi. Na ninyi mliokaa benchi la mwisho karibu na mlango, karibuni sana. Niliyokuja nayo leo ni yenu kwanza, kabla hayajawa ya ndugu zenu waliowaleta.

Mchungaji aliponiomba nizungumzie utafiti wa tiba ya ulevi, alinipa na swali ambalo baadhi yenu mmekuwa mkimwuliza. Mnasema mmesikia kuna hospitali wanajaribu dawa na ushauri kwa watu walioshindwa na pombe. Tumpeleke? Nililisikia swali hilo nikashikwa na neno moja tu, tumpeleke. Sisi tumpeleke yeye. Naomba mnivumilie nianze na habari ya nyumbani, kwa sababu neno hilo kwetu lina kaburi, liko kihambani, shamba la ukoo, nyuma ya nyumba ya mama.

Kaka yangu mkubwa alikuwa seremala. Alianza kama tulivyoanza wengi, kwa mbege ya ndizi na ulezi kwenye sherehe, akipokezana kata na wazee. Hakuna aliyeona ubaya. Posa kwetu haiendi bila mbege, na ndugu waliogombana hawapatani bila mbege. Lakini yeye alivuka. Ikafika mahali anaamka saa kumi na moja alfajiri kutafuta gongo, maana bila gongo mkono ulishindwa kushika msumeno. Wazee wakakaa kikao. Wakaamua afungiwe chumbani siku saba, apewe uji na maji, pombe imtoke mwilini. Mimi nilikuwa muuguzi kijana, wodi ya wazazi, Tanga. Wakanipigia simu ya kazini kuniuliza kama ni sawa. Nikasema sawa.

Siku ya kwanza alitetemeka na kulowa jasho. Akaomba, akiwa nyuma ya mlango, apewe kikombe kimoja tu mikono itulie. Hakupewa. Usiku wa pili kifafa kikamshika, yeye ambaye hakuwahi kuugua kifafa maisha yake yote. Siku ya tatu alikuwa anaongea na watu wasiokuwepo na kufukuza wadudu ukutani. Alifia njiani, kwenye gari la jirani, kabla hawajafika hospitali.

Mwili uliozoea pombe kila siku, ukinyang'anywa ghafla, unachachamaa. Vijana wa mjini wanaita arosto. Kwa mtu aliyekunywa sana kwa miaka, kifafa kinaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kuweweseka kukafuata baada ya hapo. Hospitalini kuna dawa za kutuliza hali hiyo, na wengi wanaozipata mapema wanavuka salama. Kwa hiyo nawasihi, msimfungie mtu ndani. Hilo la kitabibu nililielewa upesi, baada ya mazishi. La pili lilinichukua miaka kuliona. Kwenye kikao kile walikaa watu tisa pamoja na simu moja ya Tanga, na kaka yangu hakuitwa. Hakuna aliyemwuliza anataka nini, anaogopa nini, ameshajaribu mara ngapi. Fundi mwenzake ndiye aliyekuja kutuambia kwamba alishajaribu kuacha mara mbili, peke yake, na mara zote mbili alirudi kunywa kwa kuiogopa ile mitetemo. Angeulizwa, angetuambia sisi.

Sasa nirudi kwenye utafiti. Nawasikia watu wakisema huko ndiko mtu anakogeuzwa panya wa majaribio. Nataka mjue kwamba utafiti unaofuata taratibu unaanzia pale pale kikao chetu kilipokosea. Unaanza kwa kumwuliza mwenyewe. Anaelezwa kwa lugha anayoielewa kitakachofanyika, kwa muda gani, na hatari zake. Anauliza maswali. Akitaka, anarudi nyumbani kufikiri. Ndipo anasaini, na asiyejua kusoma anasomewa mbele ya shahidi na kuweka dole gumba. Ridhaa hiyo mke hawezi kumtolea, baba mkubwa hawezi, mchungaji hawezi. Na anaelezwa akiwa hajalewa. Mtu aliyelewa akisema ndiyo, hiyo haijawa ndiyo. Wanasubiri kichwa kitulie, wanaanza upya. Hata baada ya kusaini ana haki ya kutoka siku yoyote, na matibabu yake ya kawaida yakaendelea kama kawaida. Nimekaa wodini miaka thelathini na moja. Niwaambie ukweli, mnywaji ni mgonjwa ambaye kwa kawaida kila mtu humsemea. Kwenye fomu ile ya ridhaa, angalau hapo, anasema mwenyewe.

Mfano tulio nao karibu ni hapo hospitali ya KCMC, Moshi. Wengi wenu mmeshapeleka mtu idara ya dharura pale, aliyeanguka na bodaboda au aliyepigwa kilabuni. Watafiti wa KCMC na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani waliwaangalia majeruhi hao. Mfupa unaungwa, kidonda kinashonwa, na pombe iliyomwangusha mtu haizungumzwi. Baada ya miezi anarudi na jeraha jingine. Wakaandaa mazungumzo mafupi wakayapa jina la Kiswahili, Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Nesi anakaa na majeruhi wakati maumivu yametulia, na hamhubirii. Anamwuliza pombe inampa nini na inamnyang'anya nini, anaionaje ajali hii, yuko tayari kubadili kitu gani. Lengo analiweka mgonjwa. Baadaye baadhi yao wanatumiwa ujumbe mfupi kwenye simu wa kuwatia moyo.

Mimi na wenzangu tulikuwa tunamwambia mtu "acha pombe" huku tumeshika sindano na tumeshaanza kugeukia kitanda cha pili. Hatukuwahi kukaa. Kwa hiyo niliposoma kwamba manesi wa mkoa wetu wanafundishwa kukaa na kusikiliza, na kwamba kusikiliza huko kunapimwa kama dawa inavyopimwa, nilifurahi mno, na pia nikamkumbuka mtu.

Kunapimwaje? Hapa ndipo familia hukasirika, basi niseme taratibu. Waliokubali kushiriki wanagawanywa kwa kura. Kompyuta ndiyo inapiga, daktari hachagui. Wengine wanapata huduma ya kawaida ya hospitali, wengine mazungumzo, wengine mazungumzo pamoja na ujumbe wa simu. Kisha wote wanafuatiliwa na kuulizwa, katika wiki nne zilizopita ulilewa siku ngapi? Mama mmoja alinilalamikia, "Dada, mwanangu kaangukia kundi la huduma ya kawaida, wamemnyima." Nikamwuliza, mama, unajua kwamba yale mengine yanasaidia? Akasema wasingeyaleta kama hayasaidii. Hapo ndipo penyewe. Mpaka utafiti uishe hakuna anayejua, na kutojua huko ndiko kunakoifanya kura iwe ya haki. Siku ikijulikana, kumnyima mtu litakuwa kosa. Tungewaachia madaktari wachague, wangewapa mazungumzo wale wanaoonekana kuwa na nia, nao ndio wangepona hata bila mazungumzo, na sisi tungesifia kitu kisicho na kazi.

Halafu kuna ajabu nyingine. Huko Eldoret, Kenya, kwenye kliniki za watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, watafiti walijaribu tiba ya vikundi kwa wanywaji, wengi wao wa pombe za kienyeji, busaa na chang'aa. Wiki sita, kikao kimoja kila wiki, kwa Kiswahili. Walioongoza vikao hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo vizuri na kusimamiwa. Walianza na watu 75. Baada ya siku tisini, katika kila mia waliopata tiba, 69 walisema hawanywi. Katika waliopata huduma ya kawaida, 38. Kisha wakafanya utafiti mkubwa wenye watu 614, matokeo yakatoka mwaka 2021. Safari hii kundi la kulinganisha nalo lilikutana kila wiki, likifundishwa mambo ya afya kwa jumla. Makundi yote mawili yalipunguza pombe. La tiba lilipunguza zaidi, ingawa tofauti haikuwa kubwa kama watu walivyotamani.

Angalieni hilo la makundi yote mawili. Wale wa masomo ya afya hawakupewa tiba ya pombe, lakini kila wiki kulikuwa na mahali wanapotarajiwa, na kila baada ya muda kulikuwa na mtu anayewauliza wamekunywa kiasi gani na kuandika jibu bila kukunja uso. Watafiti wa pombe wameshaliona hili nchi nyingi, kwamba kuulizwa tu kwenyewe hupunguza kidogo. Ndiyo maana nikamwambia yule mama, mwanao hajanyimwa kila kitu, mwache aendelee kwenda.

Na maswali yenyewe wanayoanza nayo yana sehemu yetu ndani yake. Ni maswali kumi. Unakunywa mara ngapi, ukikaa kunywa unakunywa kiasi gani, umewahi kushindwa kuacha ukishaanza, umewahi kuhitaji kinywaji asubuhi ili uamke sawa. Kila jibu lina alama, jumla ni 40, na aliyefikisha 8 anaambiwa kunywa kwake kumeingia kwenye hatari. Kipimo hiki kinatumika dunia nzima. Kilitengenezwa na Shirika la Afya Duniani kwa majibu ya wagonjwa wa nchi sita, Australia, Bulgaria, Marekani, Meksiko, Norwe, na Kenya. Afrika nzima ilikuwa Kenya peke yake. Kuna wagonjwa wa Kenya waliokubali kukaa na kujibu, wakati ule, na leo nesi wa KCMC anamwuliza kijana wa Kibosho maswali yaliyochujwa kwa majibu yao. Majina yao hatuyajui, na kazi yao bado inafanya kazi.

Mtaniuliza vidonge je. Vipo. Kimoja kinaitwa naltreksoni. Kwanza kilitumika kwa watu wa heroini. Mwaka 1992 yalichapishwa majaribio ya Philadelphia, Marekani, kwa wanaume 70 waliokuwa wanajeshi zamani. Nusu walipewa naltreksoni, nusu kidonge bandia kinachofanana nacho kwa kila kitu isipokuwa hakina dawa. Mgonjwa hakujua amemeza kipi. Kwa wiki kumi na mbili, katika kila mia wa kidonge bandia, 54 walirudia ulevi. Wa naltreksoni, 23. Mwaka 1994 Marekani ikakiidhinisha kwa ajili ya pombe. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likakiingiza, pamoja na dawa nyingine ya ulevi iitwayo akamprosati, kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Zaidi ya miaka ishirini na minane, kati ya idhini na orodha. Na majaribio mengi ya dawa hizi yamefanyika Ulaya na Marekani. Mtu wa huku anaweza kuwa anakunywa gongo ambayo hakuna anayejua ina nini, huku anameza dawa za kifua kikuu ambazo nazo zinalielemea ini, au dawa za kufubaza virusi. Ini lake litaichukuliaje dawa mpya juu ya hayo? Hilo haliwezi kujibiwa Philadelphia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kitanda hiki tunakilalia sisi. Kwa hiyo mtu wa Rombo au wa Mwanga anapokubali kushiriki, anajibu swali ambalo hakuna mwingine anayeweza kulijibu. Nalisema hili bila kumsukuma mtu. Naltreksoni yenyewe haiwafai wote; anayetumia methadoni ya kuachia heroini, au dawa kali za maumivu za jamii ya morfini, ikimwingia inamtia arosto papo hapo. Ndiyo sababu wanapima na kuhoji kabla, na ndiyo sababu wengine wanakataliwa. Mwenye ini lililoharibika sana, mjamzito, mwenye hatari ya kifafa akiacha ghafla, anaweza kuambiwa utafiti huu haukufai. Akikataliwa asione amedharauliwa. Aombe aelekezwe matibabu mengine siku hiyo hiyo, asirudi mikono mitupu.

Na msidhani kila jaribio linaleta dawa. Uingereza, matokeo ya mwaka 2015, walishirikisha wagonjwa zaidi ya elfu moja wenye ini lililovimba vibaya kwa pombe, macho ya njano, hali mbaya, katika hospitali 65. Walipima dawa mbili zilizokuwa zinatolewa kwa ugonjwa huo. Moja, pentoksifilini, haikuokoa maisha hata kidogo. Nyingine, prednisoloni, faida yake mwezi wa kwanza ilikuwa ndogo kiasi cha kutokuwa na uhakika, na baada ya miezi mitatu haikuonekana. Wengi wa wagonjwa wale wameshafariki. Mimi nawaheshimu sana. Waliwaondolea wengine kidonge kisicho na kazi, na waliacha swali limebaki wazi ili watu waendelee kutafuta kinachofanya kazi.

Hofu ya panya haikuzuka hewani, siwezi kuwadanganya. Kule Tuskegee, Alabama, tangu 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende waliangaliwa tu ugonjwa ukiwala, hawakuambiwa ukweli, na penisilini ilipopatikana hawakupewa. Maovu kama hayo ndiyo yaliyoleta kanuni tunazozitumia, likiwemo Azimio la Helsinki la 1964 linalomlinda mtu anayefanyiwa utafiti. Hapa kwetu utafiti wa afya unapitia kamati ya maadili ya taasisi yenyewe na ile ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na ukiwa wa dawa unahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kwa hiyo ukikutana na mtu ana dawa mpya ya ulevi kwenye begi na hana fomu, hana kibali, anataka ulipe kwanza, usitoe hata shilingi. Kwenye fomu ya kweli kuna namba ya simu ya kamati. Piga. Kamati ipo kwa ajili ya kupigiwa.

Kuna mambo ambayo ningependa kila mtu aulize kabla hajasaini, na asione haya. Nikirudia kunywa katikati, mtanifukuza? Nikipata arosto, nani ananihudumia, na gharama ni ya nani? Nikiumizwa na dawa yenu je? Jibu langu la leo ataliona nani? Hili la mwisho vijana wa bodaboda wananiuliza sana, wanaogopa kipimo cha kupuliza kitafika polisi au kwa mwenye pikipiki. Kwa kawaida jina lako linabadilishwa kuwa namba na karatasi zinafungiwa, lakini uliza uambiwe kwa kinywa, na sehemu inayosema hivyo kwenye fomu uoneshwe. Kuhusu nauli, wengi wanarudishiwa. Kama pesa hiyo ndiyo inayokupeleka, fikiri tena.

Benchi la mwisho, sasa nasema na ninyi. Mkiingia, mtakachodaiwa ni ukweli. Siku uliyokunywa, sema nimekunywa, na sema kiasi. Najua mmezoea kupunguza hesabu, kwa sababu kila mliyemwambia ukweli alipiga kelele. Ukimficha mtafiti, namba yako ya uongo inaingia kwenye jumla, na dawa isiyofaa inaonekana inafaa, na atakayeimeza kesho ni mtu kama wewe. Ukishindwa wiki moja, rudi wiki inayofuata. Kitakachowaumiza wao ni kutokukuona kabisa.

Na ninyi ndugu mna kazi, msione nimewatoa. Mkumbusheni tarehe. Mtoeni mgombani mapema siku ya kliniki. Mkiruhusiwa naye, ingieni mkae pembeni, na akiulizwa anakunywa kiasi gani, msijibu. Hata akikosea hesabu, msijibu. Ujumbe ukiingia kwenye simu yake, ni wake. Siku akisema anatoka kwenye utafiti, mwulizeni kwa nini, kisha msikilize jibu lote.

Nimekuja na nakala za yale maswali kumi, kwa Kiswahili. Nimeziweka pale mezani, karibu na birika la chai, pamoja na kalamu. Atakayechukua, achukue yake moja. Mama, najua unataka kumpelekea aliyebaki nyumbani. Chukua, lakini umpe ikiwa tupu.